Anaclet Niyonkuru na Valvu Isiyofunguka Ikiwa na Presha

Ndugu, jamaa, majirani wa Sydenham na Overport, na nyinyi wauzaji wenzangu wa soko la Warwick hapa Durban mliofunga meza zenu siku ya Jumamosi kwa ajili yetu, karibuni na asanteni. Mimi ni Spès Nshimirimana, dada mdogo wa marehemu. Najua kwetu Burundi anayesimama kuisemea familia huwa ni mwanaume mwenye sauti nzito. Mwanaume huyo alitafutwa, akapatikana, akaandika wasifu wa nusu ukurasa usio na kosa hata moja, na kaka yangu hakuwamo hata kidogo. Nimeukunja nikauweka chini ya mguu wa meza yangu inayoyumba. Huu mnaousikia, ambao pia mnao mkononi kwenye kijitabu, nimeuandika mimi siku ya Alhamisi, na ni marehemu mwenyewe aliyeniagiza.

Anaclet Niyonkuru alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Septemba 1971, huko Rumonge, kusini mwa Burundi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu baba yetu Zénon na marehemu mama yetu Ghislaine. Kwa wale wa hapa ambao bado wanatuuliza kwa nini majina yetu hayafanani: ndiyo, sisi ni wa baba mmoja na mama mmoja. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Karani mmoja wa hospitali alitaka nimletee uthibitisho kwamba mimi ni dada yake. Nikamwambia atutazame pua.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kidogo cha kukamua mawese. Alimfundisha Anaclet jambo moja kabla hajamruhusu kushika spana: bomba husalimiwa kwanza. Unaleta mgongo wa kiganja karibu nalo, hulishiki, unasubiri, unasikiliza kama kuna joto au mtetemo. Ndipo unaanza kazi. Kaka yangu alisalimia mabomba maisha yake yote. Hata nyumbani kwangu alikuwa akiingia anasalimia gizeri ya maji ya moto kabla ya kunisalimia mimi.

Alisoma shule ya msingi Rumonge, na kuanzia mwaka 1987 hadi 1991 akasoma ufundi wa mashine mjini Bujumbura, akapata diplôme yake. Miaka miwili baadaye vita vikaja. Diplôme iliungua na nyumba, na mwaka 1996 tukavuka kwenda Tanzania, tukakaa kambini huko Kasulu miaka saba. Huko alitengeneza pampu za maji za kambi kwa vipande vya baiskeli, na hakuna aliyemwomba karatasi.

Tulifika Durban mwezi Julai 2003. Hapa karatasi iliombwa. Basi fundi wa mashine mwenye mikono ile akalinda magari Overport, karibu na robot, zile taa za barabarani, miaka mitatu mizima, amevaa kizibao cha kung'aa, akiwaonyesha watu wenye haraka namna ya kurudi nyuma. Hakuwahi kuona aibu. Mimi ndiye niliyeona aibu, nikawa napita upande wa pili wa barabara. Anisamehe.

Mwaka 2006 alipata kazi ya kufagia katika kiwanda cha kutengeneza na kukarabati valvu. Kiwanda hicho sitakitaja jina, maana hapa makaburini si mahali pa kukitangazia biashara. Alifagia miezi minne. Siku moja mashine ya kupimia valvu ikagoma, mafundi wakaizunguka kama wagonjwa wanaomngoja daktari, naye akaweka ufagio chini akaitengeneza. Hawakumrudishia ufagio tena. Mwaka 2010 akaandikwa fundi kamili.

Jumamosi tarehe 2 Agosti 2008 alifunga ndoa na Blandina, binti wa Kigoma, hapa hapa Durban. Blandina alimpendea nini? Anasema alimwona akila ugali polepole kama mtu asiyefukuzwa na yeyote, na katika maisha yetu ya wakimbizi hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Annick na Gaël. Katika nyumba ile sijawahi kusikia mlango ukibamizwa, isipokuwa siku niliyoubamiza mimi, na nitaifikia siku hiyo.

Sasa nifike mahali ambapo barua fulani ilituomba tuparuke.

Niwaeleze valvu kwa lugha ya jikoni, kama alivyonieleza mimi. Ndani yake kuna gololi kubwa ya chuma iliyotobolewa tundu katikati. Ukizungusha mkono wa valvu robo ya mzunguko, tundu linaelekeana na bomba, maji yanapita. Ukirudisha, tundu linageukia ukutani, maji yanasimama. Rahisi. Shida ni kwamba maji yaliyokuwa ndani ya tundu hayana pa kwenda. Yamefungiwa mle pamoja na presha yake. Umefunga laini ya maji, bomba la mbele umelikausha, karatasi umezijaza zote, na bado ndani ya gololi kuna kikombe kimoja kinachomsubiri mtu alegeze bolti.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2014, pale kiwandani, mtu huyo alikuwa Gilbert. Wengi mnamjua: Mtanzania, rafiki wa Anaclet, walifanya kazi meza moja miaka minne. Gilbert alifunga laini, akatundika kufuli yake yenye jina lake, akakausha bomba, akasubiri dakika zilizoandikwa, akaanza kulegeza bolti za valvu. Alipofika ya tatu, maji ya moto yenye dawa ya kuoshea matangi yakamrukia usoni. Kikombe kimoja tu. Jicho lake la kulia halijaona tena tangu siku hiyo.

Siku nne baadaye mkuu wa usalama akaja na ripoti ya Kiingereza. Ilisema mfanyakazi hakufunga laini kabla ya kuanza kazi. Anaclet, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Gilbert, alitakiwa asaini kama shahidi. Aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno.

"Siyo kweli hii, chef," akasema, akimwita bosi kwa Kifaransa cha kwetu. "Gilbert alifunga. Kufuli yake niliiona."

"Saini tu, Anaclet. It's just a form."

Kaka yangu akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya shahidi hakuweka saini. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za fundi: Gilbert alifunga. Valvu ndiyo iliyobaki na presha. Mkuu wa usalama akauliza maana yake nini. Akajibiwa: "Tafuteni mtu awasomee." Miaka karibu kumi na moja imepita na hatujasikia kama walimtafuta.

Wiki iliyofuata wakamwondoa kwenye meza yake, wakampeleka kuosha vyuma vyenye grisi. Waliona mtu aliyewahi kufagia atarudi chini bila kelele. Aliosha vyuma miezi kumi na moja, akaviosha vizuri, kisha tarehe 30 Aprili 2015 akavua ovaroli, akaikunja, akaondoka. Gilbert yeye alifukuzwa kwa ripoti ile, na kila kiwanda alichobisha hodi ilikuwa imemtangulia. Fundi mwenye jicho moja na jina la mzembe, nani atampa spana? Akaishia Overport, kulinda magari, karibu na robot ile ile.

Ilimkera Anaclet kuliko maneno ninayoweza kuyasema mbele ya padre.

Mwezi Juni 2016, siku ya Jumamosi, alikuja mezani kwangu Warwick kula maharage. Nilikuwa na wateja saba wamesimama, wapagazi wenye njaa na midomo. Sufuria yangu ya presha nilikuwa nimeizima sasa hivi. Nikashika mfuniko nikazungusha, ukakataa. Nikachukua kisu, nikaanza kuchokonoa ule ulimi mdogo wa kwenye mpini.

"Spès! Weka kisu chini!"

"Watu wako na njaa, kaka. Mfuniko umekwama."

"Haujakwama. Unakukatalia. Iko presha ndani, ndiyo maana unakukatalia."

Akasogea, akaisalimia sufuria kwa mgongo wa kiganja. Akainua kidude cha juu kwa kijiko, mvuke ukatoka fyuuu, kile kipini chekundu kikazama chenyewe, na mfuniko ukafunguka kama haujawahi kugombana na mtu. Wapagazi wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya kreti ya kabichi akaitazama sufuria mpaka maharage yake yakapoa.

"Sufuria ya maharage inajua kumkatalia mjinga kama wewe," akasema. "Valvu ya kiwanda haikujua kumkatalia Gilbert, na Gilbert siyo mjinga."

"Asante kwa kunisifu," nikamwambia.

Aliondoka na sufuria yangu siku hiyo hiyo. Niliipata baada ya miezi mitano, haina mpini.

Kazi ya kuunda valvu inayojua kukataa aliifanya katika karakana ya Jecha, mkereza vyuma kutoka Unguja, huko Sydenham. Valvu ya kwanza ilivuja ikamlowesha Jecha hadi kwenye kofia. Ya pili aliipa mkono wenye vituo vitatu: wazi, imefungwa, na mbele kidogo ya kufungwa. Ukiufikisha kituo cha tatu, tundu dogo linafunguka na presha iliyobaki kwenye gololi inatoka kwa bomba jembamba linaloelekea chini, mbali na uso wa mtu. Bolti zote alizifunika kwa bamba la chuma linalobebwa na mkono ule ule, ili spana isiweze kuzifikia kabla ya kituo cha tatu. Jecha akafurahi. Anaclet akafurahi. Wakaileta nyumbani kumwonyesha Blandina, akaigeuza geuza akiwa na unga mikononi.

"Na hilo tundu likiziba uchafu?" akauliza. "Mtu atafika kituo cha tatu, bamba litaondoka, na presha bado imo."

Wanaume wawili wakatazamana. Jecha akasema, "Bwana wee, mkeo katuua." Wakarudi karakana.

Ya tatu ndiyo hii tunayoizungumzia. Ina kipini kinachosukumwa juu na presha yenyewe, kama kile chekundu cha sufuria yangu. Presha ikiwemo, kipini kiko juu na bamba haliendi popote, hata umpandishe nani juu yake. Presha ikiisha, kipini kinazama, bamba linaondoka, bolti zinaonekana. Haikuulizi una karatasi gani, umetoka nchi gani, umechoka kiasi gani. Inakukatalia mpaka uwe salama.

Jumanne tarehe 19 Februari 2019, kiwanda kile kile kilimtuma injinia wake kuja kuiona, naye akafuatana na mkuu wa usalama. Nilikuwepo, nilileta chai, na nisingekosa hata kwa dawa. Anaclet aliijaza valvu maji kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa kipimo ukalala upande, akaifunga. Kisha akamkabidhi mkuu wa usalama spana.

"Chef, fungua. Kama Gilbert alivyofungua."

Yule bwana akaizunguka valvu kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani. Spana haikupata pa kuuma. Injinia akachukua bisibisi, akajaribu kulinyanyua bamba, akatoka jasho, bamba likamtazama tu. Anaclet akawaachia muda wa kutosha. Halafu akausukuma mkono kituo cha tatu, fyuuu, kipini kikazama, bamba likateleza pembeni.

"Eish, Anaclet," injinia akasema. "This is sharp. Tunaitaka hii."

"Mtaipata. Badilisheni ripoti ya Gilbert kwanza."

"Ile faili ilishafungwa zamani."

"Basi na hii nimeifunga," akasema, akaitia kwenye gunia.

Walirudi mara nne. Kila mara ahadi ilikuwa nono kuliko ya jana, na kila mara aliwapa jibu lile lile: ripoti kwanza. Mwaka 2020 ubunifu ukasajiliwa kwa jina lake, kwa mkono wa wakili wa kujitolea, naye na Jecha wakaendelea kuzitengeneza wawili, moja moja.

Hapa ndipo nilipobamiza mlango. Nakiri mbele ya kaburi: nilimgombeza kaka yangu. Nilimwambia, "Dari lako linavuja, watoto wanakua, na wewe umeng'ang'ania karatasi ya mtu mwingine!" Hakupandisha sauti. Alisema, "Karatasi ile iko na nafasi ya saini yangu, Spès. Siyo ya mtu mwingine." Niliondoka nikaubamiza mlango, nikashinda wiki mbili simwongeleshi. Alikuja mwenyewe Warwick, akala maharage, akasema yana chumvi nyingi. Tukawa tumepatana. Alikuwa sahihi kuhusu ripoti, na chumvi pia ilikuwa nyingi.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kukonda na kulalamika ubavu. Madaktari walikuta saratani ya ini, imekwenda mbali. Alipoingizwa wodini, jambo la kwanza alilofanya ni kukagua koki ya oksijeni iliyokuwa ukutani, akamwita nesi, akamwambia nati moja imelegea. Nesi akacheka akadhani ni dawa zimempanda kichwani. Kesho yake fundi wa hospitali alikuja akaikaza.

Gilbert alimtembelea kila Jumapili. Walikuwa wakikaa, wanaume wawili na macho matatu, wakitazama mpira kwenye simu. Jumapili ya mwisho nilimsikia Gilbert akimwambia, "Mzee, ile ripoti iache sasa. Mimi nimeshazoea." Anaclet akafumbua macho akasema, "Mimi sijazoea." Baada ya Gilbert kuondoka aliniomba kalamu. Akasema, "Wasifu wangu utaandika wewe, una hasira ya kutosha. Usinisifu. Andika nilichokiandika siku ile, uchapishe." Akakiandika tena, nyuma ya kadi ya kliniki. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Blandina alikuwa amemshika mkono.

Jumatano wiki hii ilikuja barua kutoka kiwandani. Wanatupa pole. Wanatupa shada la maua na mabasi mawili ya kuwaleta wafanyakazi wenzake wa zamani hapa makaburini. Wanaomba mambo mawili madogo tu: tuseme marehemu "alikuwa sehemu ya timu iliyobuni valvu," na tusitaje ajali, kwa kuheshimu majonzi ya familia. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine ya kusaini mjane, kuhusu haki za valvu, tukipata nafasi.

Nilimsomea wifi yangu barua yote. Alikuwa amekaa mkekani, hajala siku mbili. Akaniambia, "Wifi, waambie tutakuja kwa taxi. Na mimi sisaini mpaka Gilbert asafishwe."

Basi mkiona leo hakuna basi, mjue sababu. Na kama kulikuwa na timu, timu ilikuwa Jecha, swali la Blandina, na sufuria yangu. Sufuria haijalalamika.

Marehemu ameacha mjane, Blandina; watoto wawili, Annick na Gaël; kaka yetu Pontien aliyeko Rumonge, na mimi. Ameacha mwenzake wa kazi, Jecha, ambaye ameapa karakana haifungwi. Ameacha valvu sitini na mbili, katika viwanda vya kufulia nguo, viwanda vya sabuni na majiko makubwa ya mji huu, na hakuna hata moja iliyomjeruhi mtu. Ameacha watu ambao hatutawajua majina, waliolegeza bolti asubuhi ya leo na watarudi nyumbani na macho yao mawili.

Na amemwacha rafiki yake. Gilbert, simama wakuone. Usiinamishe kichwa, hujaiba kitu.

Kule kiwandani, maneno ya kaka yangu yamo katika faili moja, ndani ya kabati moja, na ufunguo wanao wao. Sisi tumechapa nakala mia tatu. Geuzeni kijitabu, ukurasa wa nyuma, chini ya picha yake. Ni mwandiko wake, ule wa mwisho. Kabla hatujamshusha, naomba tuusome pamoja, kwa sauti, wakubwa kwa watoto:

Gilbert alifunga. Valvu ndiyo iliyobaki na presha.

Alikuwa shahidi mmoja. Sasa tuko mia tatu. Apumzike kwa amani.